Ombi la Cheti cha Wazimu kwa Mnyama Aitwaye Sufi

Ndugu Daktari wa Wanyama,

YAH: MENO YA CHINCHILA WETU NA AMANI YA NYUMBA

Pole kwa kazi. Mimi ni yule mzee wa koti la kijivu aliyekuja kwako wiki mbili zilizopita, kidole kimefungwa kitambaa. Ulimpima mnyama, ukamsifia manyoya, kidole changu hukukitupia hata jicho. Niliahirisha malalamiko kwa sababu mke wangu alikuwepo.

Mnyama mwenyewe unamjua: mkubwa kuliko panya, mdogo kuliko sungura, laini kama sufi ya mto, ndiyo maana akaitwa Sufi. Binti yetu, kitinda mimba, alituachia alipokwenda kusoma. Mwezi huohuo nami nilistaafu, baada ya miaka thelathini na moja ya kutunza stoo ambamo hakukupotea hata msumari. Kwa hiyo tuliingia nyumbani pamoja, yeye na kizimba chake, mimi na saa ya ukutani niliyozawadiwa. Malalamiko yangu ni haya:

1. Anatafuna. Jioni mke wangu akimfungulia anyooshe miguu, yeye hunyoosha meno. Amekwisha kula ukingo wa kabati, kisigino cha ndara yangu, na kona ya fremu ya cheti changu cha utumishi wa muda mrefu. Ulitueleza kwamba meno yake hayaachi kuota maisha yake yote, hivyo lazima ayapunguze kwa kutafuna mti. Daktari, kwa heshima zote, hata kucha zangu haziachi kuota, na sijawahi kumlia mtu kabati.

2. Anamiliki mali isiyo na kumbukumbu. Katika ukaguzi wangu wa kwanza nilimkuta na vijiti saba vya kutafuna na bakuli la vumbi ambalo, eti, ndilo analoogea. Kuoga vumbi! Hakuna hata kimoja kilichokuwa kwenye daftari. Nikavitaifisha vyote mpaka vielelezo vipatikane. Tangu siku hiyo anaguguna nyaya za kizimba. Mtu na akili zake hali chuma.

3. Hana adabu kwenye mahudhurio. Namhesabu mara nne kwa siku: saa tatu, saa tano, saa nane na saa kumi. Nafunua paa la kibanda chake, namwinua, nahakikisha ni yeye, naandika "Yupo", namrudisha. Ulisema wanyama hawa hulala mchana na kuchangamka jua likizama, na kwamba hawapendi kukurupushwa. Hiyo ndiyo hoja ya kila mvivu niliyepata kumsimamia. Siku hizi hangoji nimguse, ananing'ata palepale. Nami naandika "Yupo", maana damu ni kielelezo tosha.

4. Anafukuza watu. Muuza maziwa, ambaye nilimwomba tu apime upya mbele yangu, sasa anaacha chupa getini na kutimua mbio. Shemeji yangu alikuwa haikosi Jumapili, leo ni mwezi hajaonekana. Jirani yetu fundi cherehani, niliyemhesabia vifungo bila malipo, amehamishia cherehani yake upande wa pili wa nyumba. Hakuna hata mmoja aliyewahi kung'atwa na Sufi, jambo linaloonyesha jinsi sifa mbaya inavyosafiri.

5. Jumamosi mke wangu alihamia chumba cha binti yetu, pamoja na kizimba na Sufi ndani yake, akafunga mlango. Akatangaza kutokea ndani kwamba nyumba hii imechoka kung'atwa, na ikifika Ijumaa mmoja atahama. Nilimuunga mkono kwa sauti kubwa. Lakini hajafungua. Tuna miaka thelathini na minane ya ndoa, Daktari, na sasa nakula peke yangu nikiitazama ile saa. Namkumbuka mke wangu, naye yuko nyuma ya ukuta.

Kwa hiyo naomba cheti chenye muhuri, kabla ya Ijumaa, kinachothibitisha kwamba Sufi hana akili timamu na hafai kuishi na watu. Samaki mkunje angali mbichi. Huyu amekwisha kukauka.

Nisalimie msaidizi wako aliyecheka nilipoonyesha kidole, na yule paka mwenye bandeji, natumaini anatembea.

Wako katika utaratibu,
Mtunza Stoo (Mstaafu)

Tanbihi: Nikitafuta bahasha nimekuta daftari langu mezani, ukurasa mpya umejazwa kwa mwandiko wa mke wangu, tarehe ya siku moja kabla hajajifungia, kwa mistari yangu ileile. Saa tatu: kamfokea muuza maziwa. Saa tano: kafunua sufuria yangu mara mbili, kauliza kitunguu cha tatu kiko wapi. Saa nane: kaniamsha kuniuliza kama nimelala. Saa kumi: katafuna kifuniko cha kalamu, cha tano wiki hii. Yupo.

Nimekagua toka juu hadi chini nikitafuta kosa. Sikuliona, nikasaini. Vijiti na vumbi nimevirudisha mlangoni kwao, na toka hapo kizimba kimetulia, nasikia mti tu ukigugunwa taratibu. Mlango umeachwa wazi kidogo. Kile cheti usikiandike. Ila naomba kukuuliza, na msaidizi wako asisikie: mtu wa miaka sitini aliyenyang'anywa stoo yake, yeye hupewa kijiti cha mti gani?