Bomba Chini ya Zege la Marehemu

Jumatatu, 22 Januari

Mpango umepatikana. Isaura atampata Mtoto.

Niandike vizuri, maana vizazi vijavyo vitataka kujua niliwezaje. Mama mkwe, Doña Edicta, ana Mtoto Yesu wa mti aliyechongwa na babu yake. Kila Noeli Mtoto hulazwa katika pango la mmoja wa wanawe: mwaka mmoja kwa mke wangu Isaura, mwaka wa pili kwa kaka yake Eudoro. Sasa mama amechoka na huko kuhamahama. Siku ya Candelaria, tarehe mbili Februari, tukishamsimamisha Mtoto aliyelazwa tangu Noeli, atatamka ni nyumba ipi itakayokaa naye moja kwa moja. Isaura amemshonea nguo tangu akiwa msichana. Siku hizi halali vizuri.

Na mwaka huu Mtoto yuko kwa Eudoro! Pango lake lina taa za kuwakawaka na ngamia wanne, ingawa mamajusi ni watatu. Letu, pale barazani, lina mto wa kioo. Eudoro alipouona aliuliza kama wachungaji hunyolea ndevu hapo.

Nitamwonyesha mto wa maji ya kweli. Tatizo moja dogo. Tunakaa uwanja mmoja na Eudoro na mama, lakini koki ya maji iko upande wake Eudoro, na kati yetu inapita njia ya zege iendayo mlangoni kwa mama. Aliimwaga marehemu baba mkwe kwa mikono yake, na alama ya kiganja chake ipo pale. Kuitia nyundo ni kutafuta kufukuzwa. Kupitisha mpira wa maji juu yake kumepigwa marufuku tangu mama alipojikwaa.

Basi nitapita chini.

Jumanne, 23 Januari

Nimechimba shimo upande wetu, nikalala kifudifudi, nikaanza kugongelea bomba la chuma chini ya zege. Mama akatoka kuuliza kelele za nini. Nikamwambia napanda viazi. Akasema amelima viazi maisha yake yote na hajaona vinavyopandwa kwa nyundo. Akarudi ndani.

Bomba limekutana na jiwe, limepinda. Milima hii ina mawe kuliko udongo.

Eudoro alikuja kunisimamia kichwani. "Shemeji, hilo kaburi la nani?" Nikamjibu ni la kiburi chake. Kusema kweli jibu hilo lilinijia wakati wa chakula cha jioni, lakini naliandika mahali linapostahili.

Alhamisi, 25 Januari

Kwa nini nitumie nguvu wakati maji yana nguvu zake? Nimelinyoosha bomba, nikalifunga kwenye mpira, nikauzungusha mpira nyuma ya nyumba ya mama mpaka kwenye koki ya Eudoro. Mwenyewe alikuwa sokoni na karoti zake. Nikasukuma, maji yakala udongo, nikasukuma tena. Kufikia wakati wa kahawa maji yalitokea ng'ambo, chini ya banda lake la kuku. Jogoo amepanda juu ya paa na hajashuka.

Zege halina ufa hata mmoja. Nimelikanyaga kwa kisigino, linalia kama ngoma. Dalili ya kazi nzuri ya marehemu. Isaura aliuliza udongo wote uliotoka chini umekwenda wapi. Swali la mtu asiyejua ufundi.

Ijumaa, 26 Januari

Mto unaweza kungoja. Limenijia jambo kubwa zaidi.

Desturi yetu ni moja: Mtoto asiyelindwa huibwa. Si dhambi. Mwizi hutafutwa kwa nyimbo nyumba hadi nyumba, Mtoto akipatikana anasimamishwa, na mzembe aliyeibiwa analisha watu keki na divai. Leo mchana Eudoro alikuwa anakoroma. Pango wazi, mlinzi hakuna. Nikamchukua Mtoto, nikamtia katika mfuko wa plastiki, nikamsukuma ndani ya tundu langu chini ya njia. Nani atamtafuta chini ya miguu yake? Mama ataona nani mzembe na nani mwerevu.

Isaura sijamwambia. Mambo yake yote huonekana usoni.

Jumapili, 28 Januari

Balaa. Eudoro ameliona tundu pale kwenye banda la kuku. Akaja mbio, wala hakuuliza habari za Mtoto.

"Shemeji, kuna panya kule, mkubwa kama paka. Mimi nafungulia maji huku, wewe simama na fimbo kwako. Akitoa pua tu, mpige."

Ningesema nini? Nilisimama na fimbo. Likaja tope. Likaja tope jingine. Kisha ukaja mfuko wa plastiki, mtupu. Eudoro akaniuliza kwa sauti kutoka ng'ambo kama ametoka. Nikasema bado. Akaongeza maji.

Eudoro alipokwenda kunywa kahawa nikaingiza mkono mpaka begani. Nikaingiza fimbo, nikaingiza reki. Hakuna kitu. Mtoto aliyechongwa na babu yake mama, aliyepona matetemeko mawili ya ardhi, nimempoteza mimi kwenye tundu la panya.

Jioni Isaura alinionyesha nguo nyeupe aliyoagizwa na mama tangu Desemba. Vifungo vyake ni vidogo kuliko dengu. Akauliza kama nadhani Mtoto atapendeza. Nikasema atapendeza sana. Kisha nikatoka nje, maana niliona haya kumtazama.

Ijumaa, 2 Februari

Candelaria. Mtaa mzima umekuja: mpiga fidla, wapiga magitaa madogo, malaika wenye mabawa ya karatasi. Tumemtafuta Mtoto kila nyumba tukiimba, na kila nyumba watu walinitazama mimi. Isaura alinivuta shati. "Ni wewe, najua. Haya, mtoe." Nikamnong'oneza kwamba yuko mahali salama. Mungu anisamehe, angalau neno "mahali" lilikuwa la kweli.

Ikabaki nyumba ya mama. Tukaingia njiani wote kwa pamoja, wanawake na keki, Eudoro na magudulia mawili ya divai. Yule mpiga fidla ana tabia ya kukanyaga mguu akinogewa. Akanogewa.

Zege liliguna, kisha likashuka nasi mpaka magotini. Kumbe marehemu hakuweka nondo hata moja! Hakuumia mtu, isipokuwa keki. Na pale katikati ya vipande viwili, ndani ya tope, alikuwa Mtoto. Amesimama wima. Amejisimamisha mwenyewe kabla ya sisi kumsimamisha.

Wanawake wakapiga magoti. Eudoro akasema muujiza. Mimi nikasema muujiza kwa sauti kubwa kuliko wote.

Mama hakupiga magoti. Alimwokota Mtoto, akamfuta kwa shali yake. Akalitazama bomba langu la chuma nililoliacha shimoni, sasa limechomoza udongoni, akanitazama mimi.

"Mkwe," akasema, "viazi vyako vimeota."

Kisha akamweka Mtoto mikononi mwa Isaura. Akasema aliamua tangu Desemba, ndiyo maana aliagiza nguo, na Eudoro alijua na akaridhia. "Ila huyu mumeo asimsogelee Mtoto karibu kuliko urefu wa ufagio." Isaura alilia, akacheka, akalia tena.

Kwa hiyo mpango umefanikiwa.

Jumanne, 6 Februari

Kipande chenye kiganja cha marehemu kilitoka kizima. Mama amekisimamisha ukutani kando ya mlango wake. Mimi nimeamriwa kumwaga njia mpya, safari hii kwa nondo, Eudoro akinisimamia.

Asubuhi Isaura alisimama barazani, Mtoto mkononi, ufagio katikati yetu. Akanikumbusha nilaze kwanza bomba la plastiki la mto wa pango lake, maadamu ardhi iko wazi. Nikamwambia najua. Eudoro alikuwa ananisifu jinsi ninavyojua kulainisha zege, na mtu akisifiwa hasikii mawili.

Tumemaliza jioni. Njia laini kama uji. Mama mwenyewe ameniruhusu nigandamize kiganja changu pembeni, nami nimekigandamiza sana ili kidumu. Nikaenda kunawa kwenye koki ya Eudoro, na hapo nikaliona lile bomba la plastiki la mto wa Isaura limeegemea ukuta, kavu.

Hakuna neno. Sijamwambia mtu. Zege likishakauka nitapita chini. Mpira ninao, na njia sasa naijua.