Kivuli kwa Zamu za Choo

Jumanne, 11 Februari
Mlezi wa bweni kanisimamisha koridoni, mbele ya watu. Eti nimekwepa zamu ya kuosha vyoo mara mbili. Eti nikikwepa ya tatu nafungasha virago, nikaishi kwa Shangazi. Kwa Shangazi! Huko taa zinazimwa mapema kama wodini, na ufukwe huuoni hata ukipanda juu ya bati. Mimi niliyejisomesha kwa kuuza vocha juani, leo natishiwa kwa brashi ya choo? Nimezunguka chumbani jioni nzima. Mwenzangu wa chumba kaniomba nikae chini, namtia kizunguzungu.

Jumatano, 12 Februari
Nimepata! Jumamosi mchana darasa letu zima linakwenda ufukweni kupunga upepo kabla ya mitihani. Na ufukwe ule hauna kivuli isipokuwa cha ukuta wa mgahawa uliofungwa. Nimeazima futi ya seremala, nikaenda kupima asubuhi hii kabla ya kipindi cha kwanza. Kivuli safi, kipana, kimelala upande wa bahari. Watu kumi na wawili wanaenea wakijibana. Kila nafasi nitaibadilisha na zamu moja ya choo. Muhula utaisha sijagusa brashi. Mtu wa uhasibu haoshi vyoo. Anapanga!

Alhamisi, 13 Februari
Nafasi zote zimekwisha. Wakili, jamaa wa chumba cha pili anayesoma sheria, kachukua zamu yangu ya Jumapili, ile ile anayoingojea Mlezi kwa hamu. Kataka tuandikiane. Nikamwambia ndugu yangu, wanaume wakishapeana mikono yatosha.

Mwenzangu wa chumba tunamwita Ramani, kwa sababu anasoma jiografia na hana mazungumzo mengine. Kaniuliza nimepima saa ngapi. Nikamjibu asubuhi, wakati wachapakazi wameamka. Akacheka peke yake hadi akapaliwa na chai. Nikamuuliza kama na yeye anataka nafasi. Akasema hapana, kaka, yeye atajibanza upande wa pili wa ukuta. Upande wa pili kuna mapipa ya taka! Maskini ya Mungu. Wivu utamla.

Jumamosi, 15 Februari
Aibu! Tumefika baada ya chakula cha mchana. Kivuli hakipo! Nimeuzunguka ukuta kama mtu aliyeibiwa baiskeli. Kumbe jua limehamia upande wa bahari, na kivuli changu kimevuka ukuta, kimelala juu ya mapipa. Katikati ya mapipa kajinyoosha Ramani, mkeka chini, soda ya baridi mkononi. Kanipungia!

Wateja wangu wamejibandika ukutani juani kama nguo zilizoanikwa. Mmoja kauliza, bosi, hiki kivuli kinafunguliwa saa ngapi? Nikamwambia avute subira. Akasema yeye subira anayo, ila mgongo wake umeshaiva. Nikawaeleza kwamba jua linaimarisha mifupa na sitawadai chochote cha ziada kwa hilo. Hapo Wakili akasimama juu ya ndoo, akatangaza kwamba mapatano yamevunjika, zamu zote zinarudi kwangu, pamoja na fidia. Fidia! Kwa mchanga aliokalia mwenyewe!

Nikamwendea Ramani, nikamwomba nusu ya mkeka. Akasema samahani, kaka, nafasi zimekwisha.

Jumapili, 16 Februari
Zamu imefika. Sikuosha. Nimefikiri vizuri: nikiosha, nimekiri kwamba Wakili ana haki, na mimi sikubali hukumu iliyosomwa juu ya ndoo. Nikasimama mlangoni na brashi, nikimsubiri aje kutimiza ahadi yake. Akaja. Akatumia choo. Akaondoka.

Nyuma yake akaja Mlezi. Kachungulia ndani, kaniangalia mimi, kaiangalia brashi yangu kavu. Nikaanza kumweleza habari za kivuli tangu mwanzo. Sijafika hata kwenye futi ya seremala, akanielekeza chumbani nikafungashe.

Ramani kanibebea begi hadi kituoni. Njia nzima ananifafanulia jua linachomoza wapi na kuzama wapi. Mtu umefukuzwa, bado unafundishwa!

Jumanne, 18 Februari
Niko kwa Shangazi. Nimemwambia nimefuata utulivu wa kusomea. Kafurahi, kanibariki, kanipa godoro sebuleni na zamu ya vyombo kila mlo. Sufuria za nyumba hii mtu anaweza kuingia akakaa.

Nimekaa nikayatafakari makosa yangu moja baada ya jingine. Mengi nimekuta ni ya Wakili, machache ya Ramani, na moja kubwa la jua. La kwangu sikulipata.

Kisha, akapita binamu yangu, mtoto wa Shangazi. Anaanza chuo muhula ujao na hana pa kulala, anahangaika. Roho ya undugu ikanishika. Tumekubaliana palepale: yeye anasugua vyombo vyote mpaka muhula uishe, mimi namwachia kitanda changu bwenini, kile cha dirishani chenye upepo wa bahari. Ameanza leo leo, namsikia jikoni anasugua huku anaimba. Kabla hajaloweka sufuria ya kwanza kaniuliza kwa wasiwasi kama kitanda kweli kiko wazi.

Nimemwapia kiko wazi kabisa. Na hapo hakuna wa kuniita mwongo.