Kidevu-Juu na Vita vya Jalada la Kutisha

Nyamazeni, enyi nyote mliowahi kuketishwa kwenye kigoda mbele ya kitambaa cheupe mkaambiwa msitabasamu! Vueni miwani, rudisheni nywele nyuma ya masikio, kisha myatege masikio hayo hayo, kwani ninalolisimulia si jambo la kusikilizwa huku mtu anatafuna. Wapo waliosimulia habari za majemadari waliovunja ngome na wafalme waliozama na hazina zao. Wasimulie, midomo ni yao. Mimi nasimulia habari za mwanamke aliyetakiwa kuwatisha watu kwa picha moja, yeye ambaye tangu azaliwe hakuwahi kumtisha hata kuku.

Jina alilopewa na wazazi alikuwa nalo, zuri tu, lakini mtaa mzima ulimwita Kidevu-Juu, kwa kuwa ndiyo amri aliyoitoa mara hamsini kwa siku. Huyo ndiye bingwa wa taa mbili na mwavuli mweupe, mwenye kidole kisichotetemeka, mfichua masikio, mfuta vivuli, adui wa kila chunusi. Kwa miaka kumi na mmoja alipiga picha za pasipoti katika chumba cha mbele cha nyumba yao, na katika miaka hiyo yote hakuna picha yake hata moja iliyorudishwa na ofisi yoyote kwa sababu ya doa, kivuli au unywele uliokatiza ukuta. Nyuma ya kichwa kuwe kweupe: hiyo ndiyo iliyokuwa sheria yake, na aliishika kuliko wengine wanavyozishika ndoa zao.

Lakini chini ya paa hilo hilo aliishi mama mkwe wake, mlinzi wa kabati, mwenye funguo kiunoni, ambaye macho yake yalihesabu vijiko bila mkono kuvigusa. Mama huyu hakuwa mbaya. Alikuwa tu hajakubali kwamba kubonyeza kidude ni kazi. Mteja akigonga na kumuulizia mkwe, yeye hujibu pale pale alipo, kwa sauti ya kufika mtaa wa pili: "Yupo tu huko, anabonyezabonyeza." Na siku moja, mbele ya wageni, aliapa kiapo kizito: "Siku nitakayoona jina lake limechapishwa kwenye kitu, nikasomewa herufi kwa herufi, nitaiita kazi. Kabla ya hapo ni mchezo."

Neno lile lilimchoma Kidevu-Juu. Alicheka pamoja na wageni, akaenda jikoni, akainamia sufuria na kulia kidogo ndani ya mvuke ili isijulikane.

Ikawa Jumatano asubuhi, simu ikalia. Aliyepiga ni mhariri wa kampuni ndogo ya vitabu, mtu wa kalamu nyekundu na subira fupi, ambaye wiki moja kabla alikuwa ameketi kwenye kigoda kile kile na kuinuliwa kidevu.

"Dada, nimekwama," mhariri akasema. "Mchoraji wangu wa majalada amenikimbia. Nina riwaya ya kutisha, inakwenda kiwandani kuchapwa Ijumaa saa kumi alasiri. Ni habari za nyumba ya watu wawili, ambao kila wakihesabiana wanajikuta watatu. Nataka picha moja. Iwe ya wima, si ya kulala. Juu uniachie nafasi tupu ya jina la kitabu. Na mtu akiiona dukani, ageuke atazame nyuma yake."

"Na jina langu?" akauliza Kidevu-Juu, na moyo wake ukapiga hatua tatu kwa mpigo.

"Litaandikwa nyuma ya jalada, pale chini. Ila ukichelewa naweka fuvu. Picha za fuvu zimejaa tele."

Ewe Taa, ewe Mwavuli, na wewe Betri unayekufaga wakati wa haja, shuhudieni! Alhamisi ile shujaa alifunga chumba kwa wateja, akakusanya jeshi lake. Jeshi lenyewe lilikuwa mume wake, fundi wa majokofu, mtuliza mashine zingurumazo, aliyeomba ruhusa kazini kwa kusema ana dharura ya kifamilia. Silaha zilikuwa mshumaa mmoja, ufagio uliovikwa wigi, bakuli la unga wa jikoni wa kupaka usoni, na shuka, moja peke yake iliyokuwa safi, yenye picha za bata wa njano.

Mume akaivaa shuka ile, akasimama katikati ya chumba, akatoa hotuba. "Mke wangu, mimi nimeingiza mkono kwenye jokofu lililozimika mwezi mzima na nyama ndani, na sikutetemeka. Ukinituma kwa simba nitakwenda. Lakini nakuuliza kama mumeo: ni mzimu gani huvaa bata?"

"Bata hawataonekana. Nitapunguza mwanga."

"Hata ukipunguza. Mimi nitajua kwamba wapo."

Ikabaki kumpata maiti, maana shujaa alitaka maiti. Akaenda kwa mama mkwe, bakuli la unga mkononi, akamwomba kwa adabu zote. Mama akamtazama kuanzia unyayoni hadi utosini, akapandisha pumzi.

"Mimi nijilaze nijifanye nimekufa? Mwanangu, kifo kipo njiani kinakuja chenyewe, sina haja ya kukifanyia mazoezi. Nimezika mume, nimezika dada zangu wawili, na hakuna aliyetangulia kufanya majaribio. Nendeni mkacheze. Na huo unga kwenye bakuli ni wa nani?"

"Kidogo tu, mama."

"Kidogo!" akasema, akaingia ndani, na funguo zake zikasikika zikiondoka naye.

Basi vita vikaanza. Mshumaa ukawekwa chini ya uso wa mume, mume akatabasamu, kwa sababu tangu utotoni akiona kamera hutabasamu. Unga ukapakwa, mume akapiga chafya, unga ukahamia kwenye taa. Ufagio wenye wigi ukasimamishwa pembeni, ukaanguka polepole na kumpiga mzimu kisogoni. Na katikati ya kishindo hicho chote shujaa hakuweza kuizuia kinywani amri ya miaka kumi na mmoja: "Kidevu juu. Tazama hapa. Masikio yaonekane." Mzimu ukainua kidevu. Mzimu ukatoa masikio nje ya shuka. Pembeni ya kitambaa cheupe, mlango wa kuingia ndani ulilia mara kadhaa kwa bawaba zake kavu, lakini vitani nani hugeuka kutazama bawaba? Jioni ilipoingia, picha mia mbili na kumi na nne zilikuwa zimetekwa.

Ijumaa, tangu kulipokucha, Kidevu-Juu aliketi mbele ya kompyuta kuteua na kusafisha. Hapa, ndugu zangu, ndipo jemadari anapopotea kwa ushujaa wake mwenyewe. Aliondoa vivuli. Alinyoosha ukuta. Aliangaza palipofifia, akamfuta mzimu unga uliomgandia puani. Picha nyingi zilikuwa na doa pembeni, rangi ya udongo, pale kwenye uwazi wa mlango. Mkono ukalifuta wenyewe, macho yakiwa kwenye masikio ya mzimu. Doa ni doa. Alilifuta mara ya kwanza, ya pili, ya kumi na saba. Saa nane mchana akachagua sita zilizong'aa kuliko zote, akazituma, akajimiminia chai kwa fahari.

Chai haijapoa, simu ikalia.

"Dada," mhariri akasema taratibu, na taratibu ile ilikuwa mbaya kuliko kelele. "Huyu mzimu anasafiri kwenda wapi?"

"Sijakuelewa."

"Ananitazama usoni. Masikio yake mawili nayaona. Ameoga. Nikimgongea muhuri hapa anavuka mpaka wowote duniani. Halafu kichwa kimejaa picha nzima, jina la kitabu nitaliandika kwenye paji la uso? Na hawa ni bata?"

Kidevu-Juu akaifungua picha upya, akawaona bata.

"Zimebaki saa mbili. Nitumie zote ulizopiga, hata mbovu, hata ambazo hujazigusa. Zisipofaa naweka fuvu, na tusilaumiane."

Shujaa akaweka simu chini. Aliumia, tusidanganyane. Aliliona jina lake likifutika pale chini ya jalada kabla halijaandikwa, akamsikia mama mkwe akijibu wateja miaka mingine kumi na mmoja: yupo tu. Na kutuma picha isiyosafishwa! Afadhali angeambiwa atoke nje na nguo ya kulalia. Mkono wake ulisimama juu ya kompyuta muda mrefu, fahari ikivuta huku, haja ikivuta kule, na mwisho haja ikashinda, maana mwenye haja ndiye huenda chooni. Akaanza kuzifungua zile za asili, moja baada ya moja, akiona aibu.

Akafika ya mia moja thelathini na moja. Akaisogelea. Akapiga ukelele, kiti kikaanguka naye.

Mume akaja mbio na spana mkononi. "Nini?"

"Tazama. Hapa mlangoni, kushoto kwako."

Mume akatazama, na spana ikamwangukia kwenye kidole cha mguu bila yeye kuhisi. "Huyo nani?"

"Jana chumbani tulikuwa wangapi?"

"Wawili."

"Hesabu tena," akasema Kidevu-Juu.

Mlango ulikuwa wazi upana wa kiganja. Ndani ya uwazi ule kulikuwa na giza, na ndani ya giza vidole vinne vikavu vimeshika ukingo wa mbao, na jicho moja. Jicho lenyewe lilikuwa chini mno, chini kuliko mahali ambapo jicho la mtu linapaswa kuwa, na lilitazama bila kupepesa kitu ambacho hakikuonekana kwenye picha. Juu yake ukuta ulipanda mtupu hadi mwisho wa picha. Hiyo ndiyo nafasi ya jina la kitabu. Na hilo ndilo doa alilokuwa akilifuta tangu asubuhi.

Hapo shujaa akauona upanga wake kwa mara ya kwanza. Akamkata mume kwenye picha, pamoja na bata wote, akabakiza mlango na ukuta tu. Mkono ulitamani kunyoosha mlango, akauzuia. Ulitamani kuangaza giza, kidogo tu, ili jicho la pili lionekane. Akaukalia mkono huo kabisa, akaendelea kwa wa kushoto. Kisha akaibeba kompyuta kwa mikono miwili hadi ndani, maana sura ya mtu haipelekwi sokoni bila mwenyewe kujua.

Mama mkwe akavaa miwani. "Kibibi gani huyu mkorofi?"

"Ni wewe, mama."

Mama akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Saa ya ukutani ilisema saa tisa na nusu. Kidevu-Juu aliona jina lake limening'inia kwenye mdomo ule uliofungwa.

"Nilikuwa nimeinama kuangalia unga wangu," mama akasema hatimaye. "Mliumwaga."

"Tuliumwaga, mama. Nisamehe. Naomba ruhusa niiweke hii kwenye kitabu."

Mama akaisogelea zaidi, akajitazama kama anayetazama kiwanja. Kisha akasimama, akatoa hukumu. "Sikiliza, mwanangu. Hii mikunjo nimeitafuta miaka sabini, hakuna hata mmoja niliopewa bure. Huu hapa ni wa mwanangu huyu fundi. Huu ni wa msiba. Ukifuta hata mmoja, natoka kwenye hilo jalada. Ukiiacha yote, peleka."

Kidevu-Juu aliiacha yote. Ilipotimu saa kumi kasoro dakika nane, picha ikaondoka. Wakangoja wote watatu. Saa kumi kasoro dakika mbili simu ikalia.

"Nimefunga mlango wa ofisi," mhariri akasema. "Halafu nikaufungua, kwa sababu sikujua kipi ni kibaya zaidi. Dada, fuvu nimelitupa. Hii inakwenda kiwandani."

Na iandikwe basi katika kumbukumbu za mataifa, baada ya kuzingirwa kwa miji na kabla ya ugunduzi wa bahari, kwamba Ijumaa ile, katika chumba cha mbele chenye unga sakafuni, mwanamke mmoja aliacha doa mahali pake. Kitabu kilipofika wiki tano baadaye, muuza duka wa kwanza kukipokea alikilaza kifudifudi. Mume wa Kidevu-Juu, aliyekuwa na tabia ya kudokoa nyama, aliikoma siku mama alipokisimamisha kitabu hicho juu ya kifuniko cha sufuria. Lakini hayo ni matawi tu. Shina ni hili.

Siku kilipoletwa, mama mkwe alikigeuza nyuma, akaweka kidole pale chini, penye herufi ndogo. "Hapa wameandika nini?"

Kidevu-Juu akamsomea: picha ya jalada, kisha jina lake lote, lake na la baba yake.

"Tena," akasema mama. "Herufi kwa herufi."

Akasoma tena, herufi kwa herufi, huku kidole cha mama kikiifuata kila moja. Mama akakifunga kitabu kabatini na vijiko vyake vizuri, akazungusha ufunguo.

Kesho yake mteja alibisha hodi akamuulizia mkwe. Kidevu-Juu, akiwa chini ya mwavuli wake mweupe, akajikaza kusikia lile neno la siku zote. Sauti ya kufika mtaa wa pili ikapanda:

"Mkwe wangu yuko kazini. Kaa hapo umngoje. Na hicho kidevu, juu."