Mume Wangu Aondolewe Kwenye Vinanda

Svilajnac, wiki ya pili baada ya Pasaka

Kwa Mhariri,
Jarida la "Vinanda na Wapigaji",
Belgrade.

Ndugu Mhariri,

Kwanza uniwie radhi kwa mwandiko. Kalamu ni ya kuazima na meza ni ya jikoni. Naitwa Vidosava, mjane wa Tihomir mpiga kodiani, na ninakuandikia kuhusu toleo lako la mwezi uliopita, lile lenye orodha ya sauti bora za mwaka za vinanda vya umeme na programu za kompyuta, kama zilivyochaguliwa na wasomaji. Mimi si mpigaji. Lakini muda wote wa ndoa yangu bendi ya mume wangu ilifanya mazoezi sebuleni kwangu huku mimi nikiwapigia pasi mashati, kwa hiyo masikio yangu yamesoma hata kama mwenyewe sikusoma.

Kwa jumla orodha yenu ni ya heshima. Fidla mmeipa programu ya kompyuta, na hapo sina neno, maana inalia vizuri na haiombi supu kabla ya kuanza. Besi mmeipa kile kinanda cha zamani chenye vitufe vilivyofutika maandishi. Sawa kabisa. Kwenye tarumbeta ndipo mlipoteleza. Hiyo programu mliyoipa ushindi ni safi mno, utadhani tarumbeta iliyotoka kuoga, na mtu yeyote aliyekulia upande huu wa mto Morava anajua kwamba tarumbeta ya harusi lazima iwe na mate kidogo. Mngechagua ile ya kinanda kikubwa chekundu, kile kinachobebwa na wanaume wawili kama nguruwe wa Krismasi. Kuhusu klarineti nanyamaza, kwa sababu nadhani aliyeipigia kura ndiye anayeiuza.

Hayo ni mambo ya ladha na hayanikoseshi usingizi. Linaloniuma liko chini ya neno "Kodiani". Hapo, namba moja, mmeandika: "Tihomir wa Svilajnac, toleo la pili." Huyo ni mume wangu. Alifariki majira ya baridi ya mwaka juzi.

Huenda hamjui ilivyokuwa. Fundi mmoja alikuja kutoka mji wa Niš na vinasa sauti vyake, akamfungia Tihomir ndani ya stoo yangu ya mitungi ya pilipili, akisema hajawahi kuona chumba kimya kama kile, akamwambia apige sauti moja moja kuanzia chini mpaka juu, kwanza polepole, kisha kwa nguvu. Mchana kutwa. Mimi nilidhani kodiani inatengenezwa. Tihomir alipotoka mle akaniambia, "Vida, leo nimepiga wimbo mrefu kuliko zote za maisha yangu, na hauna hata mahali pa kuimba." Tukala maharage, tukasahau. Zile sauti fundi aliziuza kwa kampuni ya vinanda, na leo mpigaji yeyote wa harusi akibonyeza kitufe, anatoka mume wangu.

Malalamiko yangu, kwa heshima zote, ni haya:

1. Mmemtangaza mshindi bila kuandika "marehemu". Zaidi ya hapo, mmeandika kwamba toleo la pili "limeboreshwa sana kulinganisha na la kwanza". Ndugu Mhariri, mimi nilijaribu kumboresha Tihomir tangu siku ya harusi mpaka siku ya mazishi, nikiwa na mama mkwe upande wangu, na tukashindwa. Naomba kujua mlitumia njia gani.

2. Anapiga kila mahali kwa wakati mmoja. Jumamosi moja tu ya mwezi wa kumi alikuwa kwenye harusi Jagodina, kwenye ubatizo Ćuprija, na kwenye ule mkahawa wa barabara kuu ambao yeye mwenyewe alisema hatakanyaga tena kwa sababu ya supu yao ya samaki. Akiwa hai aliona ni utovu wa adabu hata kukubali harusi mbili za wikiendi moja. Na akiwa hai, haidhuru alikwenda wapi, alirudi. Alirudi na kofia ya mtu mwingine, alirudi akiwa amesahau jina la bibi harusi, lakini alirudi. Huyu wenu harudi.

3. Hafungi. Kila Kwaresima Tihomir aliiweka kodiani chini ya kitanda, juu yake akaweka mablanketi ya akiba, na hata angekuja askofu mwenyewe asingeigusa kabla ya Pasaka. Mwaka huu, Ijumaa ya mfungo, nilipita mbele ya duka jipya la matairi siku ya uzinduzi na nikamsikia akipiga ngoma ya duara. Niliingia. Nikasimama katikati ya matairi na mkoba wangu. Mwenye duka akaja mbio na sahani ya soseji, akaniambia, "Mama, usijisumbue, si yeye. Ni mashine tu hiyo." Nikamjibu, "Mwanangu, mashine haina mkono wa kushoto mvivu kiasi hicho." Akainamisha kichwa, akazima. Soseji sikula, nilikuwa nimefunga. Angalau mmoja wetu alifunga.

4. Gvozden. Huyu ni jirani yetu wa mtaa wa juu, naye alikuwa mpiga kodiani, na tangu harusi ya binti wa daktari wa mifugo yeye na Tihomir hawakuwa wakisalimiana. Kisa hasa sitakieleza, kila mmoja ana lake, ila Tihomir ndiye aliyekuwa sahihi. Sasa Gvozden mgongo umemshinda, kodiani ameitundika ukutani, amenunua kinanda. Na ndani ya kinanda kuna nani? Nilimkabili sokoni mbele ya vitunguu. Hakuona haya. "Shemeji," akaniambia, "mimi na Tiho siku hizi tunapatana sana. Namgusa kidogo, ananiitikia. Zamani nilimwita mara ngapi akavuka barabara?" Wanawake wa vitunguu wakacheka, na mimi nikaondoka bila kununua hata kimoja, jambo ambalo mtaani kwetu bado linazungumzwa.

Isitoshe, anamtesa. Kuna mahali pa kuanzia wimbo penye vibao vyeusi vingi, ambapo Tihomir alipakwepa maisha yake yote, akisema pana baridi. Mwimbaji akitaka kuanzia hapo, Tihomir alikuwa anakohoa mpaka mwimbaji abadili mawazo. Sasa Gvozden anabonyeza kitufe kimoja tu na mume wangu anapanda huko juu bila kukohoa, bila kulalamika, mpole kama mwanakwaya. Nyumbani hakuwa mpole hivyo. Wageni wakimsikia watadhani niliolewa na mtu mwingine.

5. Jagoda. Huyu ni msichana wa bendi ya hoteli iliyo mkabala na nyumba yangu, mwenye nywele fupi na kompyuta ya mapajani, na hana kinanda cha maana ila kibao chembamba kama ubao wa kukatia mboga. Kila kitu kimo ndani ya kompyuta. Nimeambiwa, na baadaye nimejisikilizia, kwamba humpiga mume wangu pamoja na kwaya ya wanawake. Kidole kimoja Tihomir, kidole cha pili wanawake wanaoguna "aaa". Naomba usidhani nina wivu. Nimeuliza tu ni wanawake gani hao, na hakuna aliyeweza kunijibu.

Alikuja kwangu mwenyewe, na keki. Nikampa kahawa, maana mgeni ni mgeni. Akaniambia, "Shangazi Vida, usinichukie. Kodiani ninazo nane mle ndani. Za Kiitaliano, za Kifaransa, moja hata sijui ya nani. Zote nzuri, zimenyooka. Lakini nikitaka wazee wasimame kucheza, lazima niweke huyu." Huyu! Kama paka. Nilimwambia ana jina, na cheti cha ndoa ninacho. Akaniomba msamaha, akaniosha vikombe. Keki ilikuwa nzuri, hilo nalikiri kwa ajili ya haki.

6. Na hili ndilo lililonifanya nichukue kalamu. Ukurasa wa nyuma mmetangaza kwamba kampuni inatengeneza kinanda kipya, kwamba nafasi ndani yake ni ndogo, na kwamba kwa kila chombo watabakiza sauti moja tu, ile itakayoongoza kura zenu za mwisho mwezi ujao. Nyingine zote zitafutwa. Maana yake, mkiendelea hivi, Tihomir atapelekwa Bulgaria, atapelekwa Austria, atapelekwa mpaka huko wanakocheza wamekaa, na mimi mjane wake nitakuwa mtu pekee barani Ulaya asiye naye.

Sasa naomba tufikiri pamoja, mimi na wewe, taratibu. Mume wangu ama amekufa, ama hajafa. Ikiwa amekufa, basi kwa sheria ya Mungu na ya manispaa hawezi kupiga kwenye duka la matairi, na aliyeko mle ni mwongo anayetumia jina lake, apelekwe polisi. Ikiwa anapiga, na ninyi mmechapisha kwamba anapiga na anapiga kuliko wote, basi hajafa. Ikiwa hajafa, bado ni mume wangu. Na ikiwa ni mume wangu, kuna kuni hazijapasuliwa tangu mwaka juzi, kuna mlango wa stoo unaoburuza chini, na kuna sikukuu ya mtakatifu wa ukoo wake ambayo nimeiandaa peke yangu mara mbili, nikikata mkate wa sikukuu na shemeji ambaye hajui hata maneno ya sala. Kwa hiyo chagueni. Mwacheni apumzike, au mrudisheni nyumbani. Hili la katikati silitaki.

Ili nisionekane mtu wa kulalamika tu, napendekeza yafuatayo. Mumfute Tihomir kwenye orodha, na nafasi yake apewe yule Mwitaliano wa kompyuta ya Jagoda, ambaye nasikia ni mtulivu na hana familia. Ikishindikana, basi atambuliwe kuwa ni mfanyakazi na apewe likizo: Kwaresima yote, kila Ijumaa, na Jumapili awe nyumbani kuanzia mchana. Hiyo nayo ikishindikana, kila kinanda kiwekewe kufuli linalotambua kidole cha Gvozden na kukikataa. Na kama hata hilo ni zito kwa mafundi wenu, basi wale wanawake wanaoguna waandikwe majina, anwani, na hali ya ndoa.

Nakutakia kazi njema na masikio mazima. Nisalimie mkeo kama unaye, na yule bwana anayechora majedwali, nayasoma kwa lenzi ya kukuzia maandishi lakini yamenyooka. Msalimieni fundi wa Niš mkimwona. Mwambieni mtungi wa pilipili alioupasua nimeshamsamehe. Mke wa Gvozden anawasalimu, hana habari kwamba nimeandika. Daktari wa mifugo pia.

Wako katika kutafuta haki,

Vidosava, mjane (hadi mtakapoamua vingine) wa Tihomir
Svilajnac

Nyongeza: Barua hii niliiandika wiki iliyopita ikabaki mezani kwa kukosa stempu, na katikati limetokea jambo. Jumamosi kulikuwa na harusi pale hotelini. Jagoda, kwa kuniheshimu, akaamua kumpumzisha Tihomir na kumpiga yule Mwitaliano harusi nzima. Hakuniambia. Mimi nilikuwa nimefungua dirisha la jikoni saa za mchana na kuweka kiti, kama ninavyofanya kila Jumamosi kukiwa na harusi. Walicheza ngoma ya kwanza, nikasema bado anapasha vidole. Walimtoa bibi harusi, wakakata keki, wageni wakaanza kuagana. Hakuja. Niliendelea kukaa pale mpaka wakaanza kukunja vitambaa vya meza.

Ndani ya bahasha mtakuta kuponi za kura za jarida lenu, zote zilizokuwapo Svilajnac. Nyingine nimezikata kwenye majarida ya saluni, na moja ameileta Gvozden mwenyewe mlangoni, akaniachia mkononi, akaenda zake. Kwenye tarumbeta nimeandika kile kinanda chekundu. Kwenye kodiani nimeandika Tihomir, kote. Ikiwa jina langu kama mpiga kura haliruhusiwi kurudiwa mara nyingi hivyo, tafadhali hesabuni moja tu, lakini hiyo moja msiitupe.