Pweza wa Kwanza Mpapura

Jumatatu, 7 Julai 2025

Tumehamia Mpapura! Mikindani imenipoteza, shauri yake. Biashara zangu zote kule zimekufa kwa husuda za watu, si kwa sababu nyingine. Huku ni mji mdogo, gulio kila Jumamosi, wakulima wa korosho na mihogo, na mgahawa mmoja tu, wa bwana mmoja anaitwa Ayubu. Chai, chapati, samaki mkavu wa ng'onda. Basi! Nilipouona nilimwonea huruma.

Watu walijaa kututazama tukishusha vyombo. Heshima ya namna hii sijawahi kuipata. Mke wangu, Mama Tatu, anasema walikuwa wanatazama kitanda kilivyoning'inia nyuma ya gari. Ayubu mwenyewe kaja kukishika, kisha kaleta birika la chai. Mpelelezi! Chai nimeinywa. Siri sikutoa.

Jumanne, 8 Julai

Siri yenyewe ni supu ya pweza. Mpapura nzima hakuna anayeiuza. Mama Tatu kauliza kama nimejiuliza kwa nini hakuna. Nikamwambia wanaojiuliza sana hufa maskini. Akasema sawa, ila hii ndiyo mara ya mwisho. Ikifa na hii, yeye anarudi Mikindani kwa kaka yake, na mimi nibaki na pweza wangu.

Kwa kawaida akisema hivyo hucheka. Leo hakucheka.

Nimetundika kibao: HOTELI YA KIMATAIFA. Mabenchi mawili, turubai moja. Ukubwa wa jambo haupimwi kwa mabenchi.

Alhamisi, 10 Julai

Ufunguzi. Kaja mtu mmoja, kauliza kwa Ayubu ni wapi. Nikamwelekeza, mimi muungwana.

Baadaye Ayubu mwenyewe kaja na kuagiza bakuli. Katafuna. Kaendelea kutafuna. Nimehudumia watu wawili wengine wakati yeye bado anatafuna (watani wake, walikuja kumtazama). Mwisho kasema kwa adabu kwamba ameshiba. Pande lilikuwa bado shavuni. Nimeshinda!

Ijumaa, 11 Julai

Nimeazima kipaza sauti, kile cha kurekodi tangazo likajirudia lenyewe. Baada ya swala ya Ijumaa nimekaa uani na kurekodi: karibuni wapendwa wa Mpapura, mpate supu ya nguvu kutoka baharini. Sauti yangu inafaa redioni, nimesema siku zote. Mama Tatu alitoka jikoni na kijiko akaanza maneno yake. Nikabonyeza kitufe cha kuzima. Kisha tukabishana kidogo.

Kesho gulio. Ayubu ajiandae kisaikolojia.

Jumamosi, 12 Julai

Hakikuwa kitufe cha kuzima! Kilikuwa cha kurekodi upya, juu ya tangazo langu.

Gulio limefurika. Watu wa Ziwani, watu wa vijiji vyote. Nimesimama juu ya benchi nimevaa kanzu nyeupe, nikawasha. Na kipaza sauti kikasema, kwa sauti ya mke wangu:

"Baba Tatu, huyu pweza mgumu kama ndala! Watu watavunjika meno!"

Kisha sauti yangu, ile ya redioni:

"Watakula tu! Watu wa shamba hawa, watajuaje?"

Kisha yeye tena:

"Watu wa shamba ndio wanaokulisha wewe! Una adabu kweli?"

Halafu mwanzo tena. Ndala. Meno. Watu wa shamba. Nikabonyeza kila kitufe. Nikakifunika kwa kanzu. Nikakichomeka ndani ya gunia la makopa ya mihogo, gunia likaanza kumtukana mwenye gunia. Gulio zima linanitazama. Kwa mara ya kwanza hapa nimeogopa, nakiri.

Mama Tatu alikuja taratibu, akatoa betri, akaingia ndani bila kunitazama. Ndipo Ayubu akawaambia watu wamsamehe mtu wa pwani, chumvi imempanda kichwani. Wakaangua kicheko. Nimekichukua kama sifa.

Jumapili, 13 Julai

Mama Tatu kafunga mizigo yake. Nilisimama mlangoni nikamwambia kwamba bila yeye nyumba hii ni turubai tu. Akaacha kukunja khanga.

Mara hodi! Kina mama kama kumi, Bi Saida muuza mboga mbele. Nikajificha nyuma ya pazia kwa sababu za kibiashara. Bi Saida akamwambia mke wangu kwamba miaka yote ya gulio hajasikia muuzaji akisema ukweli juu ya chakula chake, tena akiwatetea wakulima mbele ya mumewe. Wanataka kula anachopika yeye. Chochote.

Mama Tatu akacheka. Nyuma ya pazia, nami macho yalinilowa. Vumbi la Mpapura ni kali.

Amekubali kubaki, kwa sharti moja: nisiguse sufuria. Kumbe nimepandishwa cheo! Mkurugenzi hagusi sufuria.

Jumamosi, 19 Julai

Gulio. Maharage ya nazi ya Mama Tatu yameisha kabla ya adhuhuri. Hata Ayubu kala, na safari hii kameza. Watu wanamwamkia mke wangu kwa heshima, kisha wananitazama na kucheka kwa furaha. Mpango wangu umefanikiwa kabisa.

Jumatatu, 21 Julai

Mji huu sasa ni mdogo kwangu. Nimegundua kwamba Kilambo, kule kwenye kivuko cha Mto Ruvuma, wasafiri wanaungua jua na hakuna anayewauzia barafu. Barafu! Sikumwambia Mama Tatu. Mambo makubwa hutangazwa yakishakamilika. Nimejaza ndoo mbili, nikapakia pikipiki ya Salumu, kijana wa bodaboda. Salumu kauliza kama haitayeyuka. Nikamwambia aendeshe kasi.

Tumefika na ndoo mbili za maji. Baridi sana! Watu wa kivukoni wameyanywa yote bure na kuniombea dua.

Maji baridi. Kilambo hakuna anayeuza hayo pia. Kesho naenda na ndoo nne.