Fasiki na Kopo la Biskuti

Jumatatu, 4 Mei

Leo ni leo! Mhariri Mkuu, ambaye ofisi nzima tunamwita Mama, ametangaza kwamba herufi M ya kamusi yetu haina mwenyewe. M! Herufi nono kuliko zote, na anayeishika hukaa meza ya dirishani. Mimi huu mwaka wa kumi na moja nakaa karibu na mlango wa choo.

Mshindani ni mmoja tu: Miwani, jirani yangu wa meza. Tumepewa neno moja sote wawili, fasiki. Mwenye kadi bora ya neno hilo, yaani maana na mfano, Alhamisi anachukua M. Maana niliimaliza kabla ya chai: mtu asiye na maadili, atendaye maovu bila haya. Safi kabisa.

Shida ni mfano wa matumizi. Mama hataki sentensi za kutunga mezani. Lazima uwe umeliona jambo lenyewe kwa macho yako, na nyuma ya kadi uandike siku, saa na mahali. Kwa hiyo nahitaji fasiki. Nimemtazama Miwani. Anafaa.

Jumanne, 5 Mei

Nimemchunguza Miwani kutwa nzima. Saa mbili, kambebea mfagizi ndoo. Saa nne, kaokota mwavuli na kumtafuta mwenyewe ghorofa zote tatu. Saa saba, kagawa chakula chake. Mtu gani huyu! Ananiharibia kazi makusudi.

Mke wangu kanishauri niandike maovu yangu mwenyewe, maana hayo hayako mbali. Nikamwambia hii ni taaluma, aniache. Lakini ameshamwambia mama yake habari za dirisha, na mama mkwe keshawaambia majirani. Hakuna kurudi nyuma.

Jumatano, 6 Mei

Fasiki asipopatikana, atatengenezwa!

Mama ana kopo la biskuti kabatini mwake, na hakuna anayeruhusiwa kuligusa. Alipoingia mkutanoni nikalichomoa, nikaliweka juu ya meza ya Miwani. Mpango: anakula, namwona, naandika. Njiani nilionja nne, kuhakikisha hazijaharibika. Sawa, sita.

Nikajibanza nyuma ya kabati la kadi. Miwani, aliyekuwa amesimama mlangoni sijui tangu saa ngapi, akaja. Akalitazama kopo. Akayatazama makombo sakafuni, akayafuata kwa macho mpaka kwenye kabati nililojibanza. Kisha akalirudisha kopo bila kugusa hata moja, akakaa, akaandika kitu. Maskini, hajui linaloendelea.

Alhamisi, 7 Mei

Kadi husomwa bila majina. Yangu ilitangulia: "Fasiki yule alirudisha mwavuli kwa nia mbaya." Mama akauliza mwandishi aliionaje nia kwa macho. Nikajifanya nafunga kamba za viatu.

Ikasomwa ya pili: "Fasiki yule alikula biskuti za mkubwa wake, kisha akaliweka kopo juu ya meza ya mwenzake." Sentensi tamu! Fupi, haina neno la ziada. Nikawa wa kwanza kunyoosha mkono kuisifu. Nikasema mtu kama huyo anastahili kuingia kwenye kamusi. Ndipo Mama akageuza kadi: Jumatano, saa tano na robo, ofisini. Saa hiyo tulikuwa ofisini mimi na Miwani tu, na watu wote wakanigeukia.

Nikajitetea kitaalamu, kwamba kula biskuti ni ulafi tu, si ufasiki. Mama akakubali. Akasema biskuti ni ulafi, ila kumtwisha mwenzio kosa lako bila haya ndiko ufasiki, na kwamba hajawahi kuona mfano unaolingana na maana yake vizuri hivi. Kumbe alitumia maana yangu! Niliona fahari, sifichi.

Ijumaa, 8 Mei

Miwani amepata M na dirisha. Lakini hata mimi sikusahauliwa. Mama amenipa herufi yangu peke yangu, X, na chumba changu peke yangu, kile cha mafagio. Mlango wa choo siuoni tena! Nimefanya kazi tangu asubuhi na sijapata neno hata moja. Ni herufi nyeti, haitaki papara.

Mama mkwe nimempelekea habari kwamba nimo ndani ya kamusi. Amefurahi sana, ananunua nakala mbili.

Nimepeleleza: Q nayo haina mwenyewe. Nikiipata nitakuwa na herufi mbili, Miwani ana moja tu. Kuna mwenzetu mmoja anaitamani, lakini Jumatatu Mama ana mkutano, na kopo limejazwa upya.