Vitufe Tisa Ukutani kwa Mama Mkwe

Jumatatu, 3 Machi

Siku kubwa! Nimefunga kioo sebuleni kwa mama mkwe, katikati ya saa ya ukutani na picha ya marehemu baba mkwe. Tableti moja, ukurasa mmoja, vitufe tisa, vitatu vitatu. Taa ya sebule, taa ya jikoni, taa ya nje, feni, redio, birika, kengele, pampu ya maji, geti. Unagusa tu, nyumba inatii. Kila kitufe kina picha yake ili mama mkwe asihangaike kutafuta miwani. Wahenga walisema kidole kimoja hakivunji chawa. Hawakukiona kioo changu.

Jumapili mjomba wa mke wangu anakuja kukagua. Yeye ana duka kubwa la vifaa vya ujenzi. Akikipenda kioo, ataniweka nivitengeneze kwa wateja wake, niwe na meza yangu na kiti cha kuzunguka. Asipokipenda, Jumatatu ijayo naanza kazi dukani kwake, kupanga misumari. Mke wangu ndiye aliyenitetea. Aliwaambia wote kwamba safari hii nimetulia. Hata lile suala la mashine ya kumenya vitunguu hakulitaja, Mungu ambariki.

Shemeji alipita asubuhi kama kawaida yake. Huyu ni kaka wa mke wangu, fundi umeme, na hapiti siku bila kunywa chai kwa mama yake kabla ya kwenda kazini. Alikitazama kioo, akauliza swichi zake za ukutani ziko wapi. Nikamwambia nimezing'oa zote, zimo kwenye boksi chini ya ngazi. Alizifunga kwa mkono wake miaka kumi iliyopita. Alikoroga chai muda mrefu sana kwa mtu asiyetia sukari.

Mama mkwe aliuliza swali moja tu: je, kitu hiki kinashika vumbi? Nikamhakikishia. Mama mkwe ni msafi kupita kiasi. Anaosha hata sabuni.

Jumanne, 4 Machi

Hujuma!

Nilikuwa bafuni, povu machoni, mara kengele ikalia. Redio ikapaza sauti. Taa ikazimika, ikawaka, ikazimika. Nilitoka na taulo. Geti wazi! Mbuzi wa jirani yumo ndani, anatafuna maua ya mama mkwe. Pampu inanguruma, tangi limefurika, maji yanamwagikia nguo zilizokuwa zimekauka kambani. Saa mbili na dakika kumi kamili.

Nani alikuwa sebuleni? Shemeji. Kikombe mkononi, miguu juu ya stuli, uso wa malaika. Mama mkwe yeye maskini alishakimbilia nje kumfukuza mbuzi kwa kitambaa chake cha kufutia.

Shemeji aliniuliza kama hiyo ndiyo teknolojia yenyewe. Kikulacho ki nguoni mwako.

Jambo moja la kunifariji: kioo kilikuwa kinang'aa. Siku nzima ukutani na hakuna hata alama ya kidole. Kifaa cha maana kinajulikana tu.

Jumatano, 5 Machi

Imetokea tena. Saa mbili na dakika kumi na mbili. Nilikuwa bafuni tena, povu tena. Mbuzi safari hii hakusubiri. Nadhani alikuwa ameshapanga foleni getini.

Lakini jana sikulala bure! Nilikuwa nimeongeza ukurasa wa siri unaoandika kila kitufe kinachoguswa, na saa yake. Nikaufungua kwenye simu. Vitufe vyote tisa vimeguswa. Kwa mpangilio! Safu ya juu kutoka kushoto kwenda kulia, safu ya kati kutoka kulia kwenda kushoto, ya chini tena kushoto kwenda kulia. Halafu akarudia. Sekunde nne tu. Hakuna kidole cha binadamu chenye kasi hiyo. Shemeji ameandika programu.

Nilimwambia mke wangu. Akasema kaka yake hawezi hata kurekebisha saa ya simu yake, hadi leo inasoma mwaka alioinunua. Nikamwambia huko ndiko kujifanya kwenyewe. Akanishauri niweke neno la siri. Neno la siri! Uzuri wote wa kioo ni urahisi. Mama mkwe aanze kukariri herufi na namba ili awashe birika?

Badala yake nimebuni kitu cha akili. Ukigusa kitufe chochote, kioo kinauliza: UNA UHAKIKA? Chini yake kuna NDIYO, kubwa kama sahani, ili mama mkwe asiikose. HAPANA nimeiweka pembeni, ndogo. Na vile vitufe tisa nimevinenepesha vikajaza kioo kizima. Adui sasa atajieleza.

Alhamisi, 6 Machi

Leo sikuoga. Saa mbili kasoro tano nilijibanza nyuma ya pazia la sebuleni, simu mkononi, tayari kumpiga picha mhalifu akiwa kazini. Za mwizi arobaini. Huyu nilimpa nne.

Shemeji akaingia. Akaketi. Akanywa chai. Hakukigusa kioo. Mjanja! Kisha akaingia mama mkwe na kitambaa chake, akaja moja kwa moja upande wangu, akaona vidole vya miguu vimechungulia chini ya pazia, akapiga yowe ambalo sijawahi kulisikia kwa mama wa umri wake. Nilipojitokeza aliniuliza, kwa upole uliouma kuliko tusi, "Baba, unaumwa?" Nikasema nakagua pazia. Akasema kumbe hata mimi nimeona lilivyochafuka. Nikaambiwa nilishushe. Nililifua hadi saa tano.

Lakini tazama matokeo. Leo hakuna kitufe hata kimoja kilichoguswa ovyo! Geti limefungwa, tangi limetulia, mbuzi amesimama nje kwa huzuni. Adui ameniona, ameogopa. Kazi ya mikono yangu.

Ijumaa, 7 Machi

Sikujificha, kwa sababu mama mkwe ameomba nisijifiche tena. Saa mbili na dakika kumi: balaa lote. Kengele, redio, feni, pampu, mbuzi.

Nimesoma ukurasa wa siri. Kioo kimeuliza UNA UHAKIKA mara tisa. NDIYO imeguswa mara tisa. Adui ana uhakika mara tisa! Chuki gani hii?

Nimechapisha kurasa zote. Nitazisoma Jumapili mbele ya mjomba. Mke wangu aliziona, akaniomba nisimtuhumu kaka yake bila kumwona kwa macho. Akasema amechoka kusimama katikati. Aliyasema kwa sauti ya chini, akikunja nguo zilizoloa kwa mara ya tatu wiki hii. Niliumia, kweli. Nikataka kumkubalia. Lakini mhandisi anafuata ushahidi.

Jumapili, 9 Machi

Naandika nikiwa chumbani. Sitaki kutoka.

Mjomba alikuja saa nne. Mwanzo ulikuwa asali. Alikuwa anakula keki, akasimama mbele ya kioo, akagusa taa, ikawaka. Akagusa feni, ikazunguka. Akagusa kitufe baada ya kitufe, NDIYO baada ya NDIYO, akicheka kama mtoto. Akasema kwa sauti kwamba mkwe wao ana kichwa. Mke wangu alinitazama vile alivyokuwa akinitazama tulipooana. Hapo ndipo nilipopaswa kunyamaza.

Sikunyamaza. Nilisimama, nikatoa karatasi zangu. Nikasema ndani ya familia hii yumo mtu anayetuhujumu. Nikasoma siku, saa, dakika, safu kwa safu. Nikamnyooshea shemeji kidole. Nikataja swichi zilizomo chini ya ngazi kama chanzo cha chuki.

Shemeji alikuwa na kipande cha keki mdomoni, hakukitafuna wala kukimeza. Mke wangu aliinamisha kichwa. Mjomba akaweka sahani chini.

Mama mkwe ndiye aliyenyanyuka. Macho yake yalikuwa yamelengwa na machozi. Akasema wanawe wanagombana mbele ya mgeni, na mbele ya picha ya baba yao, na mbele ya kioo chenye mafuta ya keki hivi, utadhani nyumba haina mwenyewe. Akachomoa kitambaa begani. Akafuta.

Kushoto kwenda kulia. Kulia kwenda kushoto. Kushoto kwenda kulia. Kisha akasugua katikati, kwa nguvu, palepale penye NDIYO, maana ndipo mjomba alipoacha mafuta mengi zaidi. Akarudia tena.

Kengele! Redio! Feni ikapeperusha karatasi za ushahidi sebule nzima. Nje geti likaguna, likafunguka, na mbuzi akapita mbele ya dirisha kwa mwendo wa mwenye nyumba. Mama mkwe alipomaliza akarudi nyuma hatua moja, akakitazama kioo, akasema sasa kimetakata. Akaongeza kwamba hukifuta kila asubuhi akishamwandalia mwanawe chai, isipokuwa Alhamisi, alipopatwa na mshtuko.

Nilitamani ardhi ipasuke. Mjomba alicheka hadi akashika kiuno. Mke wangu naye alicheka, akafuta machozi, halafu akaacha kucheka. Hapo pa kuacha ndipo paliponimaliza. Alimwomba kaka yake radhi kwa niaba yangu. Kwa niaba yangu!

Na shemeji? Hakunitukana. Laiti angenitukana. Alinishika bega, akasema dawa ni rahisi, atanifungia swichi moja ndogo pembeni ya kioo, mama akitaka kufuta anakizima kwanza. Swichi! Ya ukutani! Nimemkatalia kwa heshima zote.

Jumatatu, 10 Machi

Swichi zimerudi ukutani, zote. Mama mkwe amezifuta, hakuna kilichotokea. Mimi niko dukani. Misumari ya inchi moja, inchi mbili, ya bati, ya zege. Mke wangu alinifungia chakula cha mchana na kusema nijitahidi, nisibuni kitu. Nimemwahidi, tena kwa moyo wangu wote.

Jumatano, 12 Machi

Mjomba amesafiri hadi Jumamosi. Nimegundua droo za misumari ziko ishirini na nne, na wateja wanachoka kuzitafuta. Yaani dawa iko wazi kabisa! Kioo kimoja juu ya kaunta, vitufe ishirini na vinne, mteja anagusa, droo inafunguka yenyewe. Neno la siri sikuweka, maana uzuri wote ni urahisi. UNA UHAKIKA? nimeiondoa. Nimejifunza, jamani, huo ndio uliokuwa udhaifu wa kioo cha kwanza.

Wanasema asiyekubali kushindwa si mshindani. Sawa, ila mimi sijashindwa bado.

Nimekifunga leo asubuhi. Mama anayefanya usafi dukani amekipenda sana. Ameniambia nisiwe na wasiwasi wowote kuhusu vumbi, ameshanunua kitambaa kipya.